Majina Yetu Ndiyo Dhamana

Katika kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopa hapa Mbagala, Dar es Salaam, mtu hakopi peke yake. Tumegawanyika watano watano, na ukitaka mkopo, wenzako wanne husimama kikaoni mmoja baada ya mwingine na kutamka kwamba wanakujua, na kwamba ukishindwa watalipa wao. Nimekuwa katibu kwa miaka mingi sasa. Kazi yangu ni kuyaandika majina hayo manne chini ya jina la mkopaji kabla mweka hazina hajahesabu noti hata moja. Wengi wetu ni wapangaji, hatuna hati ya nyumba wala kadi ya gari. Tunachoweka dhamana ni kujuana kwetu, na miaka yote hii kumetutosha.

Mfumo huu hatukuubuni sisi. Ulianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, chini ya shirika la CARE, ukaja kuenea Tanzania miaka ya 2000 na kupata jina la VICOBA. Sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo tatu mikononi mwa watu watatu, hisa kila wiki, mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa, mkopo usiozidi mara tatu ya hisa zako, kisha mgao mwisho wa mzunguko. Riba ipo, tena wakati mwingine inauma, lakini inarudi kwenye sanduku letu wenyewe. Nayaeleza haya kwa kuwa ndiyo yaliyonisaidia kuielewa mikopo ya mtandaoni ilipotuingilia. Waliokuja nayo walikuwa wanafanya biashara ya kitu kile kile tulichokifanyia kazi sisi, yaani kujuana kwa watu, ila wao hawakumwuliza yeyote kama yuko tayari kusimama.

Kukopa kwa simu si jambo geni. Kenya walianza na M-Shwari Novemba 2012, sisi tukapata M-Pawa mwaka 2014, baadaye ikaja Songesha ya kukuongezea salio likipungua wakati wa kulipa. Wanachama wetu wengi wameitumia mikopo hiyo na kikaoni hatukuwahi kuipigia kelele. Unakopa kwa laini yako, ukichelewa unakatwa au unanyimwa mara nyingine. Jirani hajui. Zilizofuata ni aplikesheni za kupakua, zenye majina matamu na ofisi zisizojulikana ziko mtaa gani, ambazo kabla hazijakupa hata shilingi zinataka ubonyeze Ruhusu: zisome majina yote kwenye simu yako, meseji zako, mahali ulipo.

Meseji ya kwanza niliipata jioni nikiwa jikoni. Namba ngeni. Ilisema mimi ni mdhamini wa mwanachama wetu mmoja, muuza samaki, na kwamba nimwambie alipe deni lake kabla ya siku kuisha, la sivyo picha yake itasambazwa kama ya mwizi. Jina lake lilikuwa sahihi, namba yake sahihi. Nikampigia. Hakupokea. Kesho yake asubuhi alikuja mwenyewe, hajalala, akakaa kwenye kigoda pale mlangoni.

"Mama Katibu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekopa wapi?"

Alieleza yote. Umeme ulikatika mtaani kwao usiku kucha, barafu ikaisha, samaki wa mtaji mzima wakaharibika. Ilikuwa Jumatatu. Sanduku letu hufunguliwa Jumamosi. Akiwa amekaa na simu mkononi akiangalia video za harusi, likapita tangazo: hadi shilingi milioni moja, dakika tano, bila dhamana, siku 91 hadi 180 za kulipa. Akabonyeza. Nilimwuliza kwa nini hakuja kwangu, angalau tungechangishana. Jibu lake nalikumbuka mpaka leo: "Mama, kwenye simu hakuna anayeniuliza ya nini."

Nilichukua daftari tukaandika pamoja. Aliomba 50,000. Zilizoingia ni 35,000, nyingine zikaitwa ada ya huduma. Siku 91 za kwenye tangazo, ndani ya aplikesheni zikawa siku saba, na siku ya saba alitakiwa kurejesha 52,000. Yaani kwa kutumia 35,000 wiki moja analipa 17,000 juu yake, karibu nusu ya alichopokea. Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wa aina hii ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 35,000 hiyo ni shilingi 1,225, tena kwa mwezi mzima. Rejesho lilipomshinda alifungua aplikesheni ya pili kulipa ya kwanza, kisha ya tatu. Watu wanaita mikopo ya namna hii kausha damu, na aliyekaa mlangoni kwangu asubuhi ile alikuwa amekauka kweli.

Lakini si fedha zilizomwumiza zaidi. Meseji niliyoipata mimi ilikuwa imekwenda pia kwa mwenye nyumba wake, kwa mwalimu wa mwanawe, kwa wanakwaya wenzake, na kwa tajiri wa soko la samaki la Feri anayempa samaki kwa mali kauli. Wasiofanya biashara ndogo hawajui uzito wa jambo hilo. Mali kauli ni kwamba unachukua ndoo ya samaki alfajiri bila kulipa, unauza, jioni unapeleka hela. Hakuna karatasi, ni neno lako na jina lako. Yule dada alijenga hilo jina kwa miaka, tangu alipokuwa anamsaidia mama yake kuparua samaki. Meseji moja ya mtu asiyemjua ikalibomoa asubuhi moja. Tajiri hakumtukana, alimwambia tu kwamba kuanzia leo aje na fedha taslimu. Deni la 52,000 unaweza kulihangaikia ukalimaliza. Kunyimwa mali kauli ni kufungiwa kazi.

Nilianza kufuatilia, kwa sababu baada yake walijitokeza wengine, na wote walisema wameona tangazo kwenye mitandao ya kijamii. Hakuna aliyeitafuta mikopo hiyo. Mikopo ndiyo iliwatafuta. Nikataka kujua inawapataje.

Matangazo ya mtandaoni huuzwa kwa mnada, na muuza samaki wetu alilielewa jambo hili haraka kuliko mimi kwa sababu Feri wananadi samaki kila siku. Kila unapofungua ukurasa wako, watangazaji wanashindania nafasi ile moja utakayoiangalia. Kompyuta inapima dau la kila mmoja, uwezekano kwamba wewe hasa utabonyeza, na ubora wa tangazo lenyewe. Ukishaelewa hivyo, jiulize nani anaweza kutoa dau kubwa kwa ajili ya jicho la mama wa Mbagala. Muuza sabuni anapata faida ya mia mbili kwa mche. SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, inayokopesha kwa riba ya haki haina ziada ya kutupa kwenye matangazo. Anayepata 17,000 kwa wiki moja juu ya 35,000 ndiye mwenye nguvu ya kupandisha dau. Kwa hiyo anayefika kwanza kwa mtu mwenye shida ni mkopeshaji ghali kuliko wote. Hakuna aliyekaa mezani akapanga iwe hivyo, lakini mnada wenyewe unaelekea huko. Na mtangazaji anaweza kuipa kampuni ya mtandao orodha ya namba za simu za wateja alionao, ikamtafutia watu wanaofanana nao. Mtu mmoja akikopa kwa shida, tangazo linajua kuwatafuta wenye shida kama yake.

Tazama biashara ilivyo kwa kampuni kubwa kuliko zote za mitandao ya kijamii. Meta, yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, iliingiza takriban dola bilioni 134.9 mwaka 2023, na karibu asilimia 98 ya fedha hizo zilitokana na matangazo. Katika robo ya mwisho ya mwaka huo, kila mtumiaji wa Facebook wa Marekani na Kanada aliiletea kampuni wastani wa zaidi ya dola 68. Kundi ambalo Afrika imewekwa ndani yake halikufika dola 6 kwa mtu. Wengine wanaona hapo kwamba sisi hatuna thamani kwao. Mimi naona jambo lingine: macho yetu yanauzwa kwa bei ya chini, kwa hiyo hata mtu mwenye biashara mbaya ya fedha kidogo anaweza kuyanunua kwa maelfu. Novemba 2025 shirika la habari la Reuters liliripoti nyaraka za ndani za Meta zilizokadiria kwamba takriban asilimia 10 ya mapato ya 2024, kiasi cha dola bilioni 16, yangetokana na matangazo ya ulaghai na bidhaa zilizopigwa marufuku. Kampuni ilijibu kwamba makadirio hayo yalikuwa ya juu juu na yamejumuisha mengi mno. Ripoti hiyo ilieleza pia kwamba mtangazaji aliyeshukiwa bila kufikia kiwango cha kufungiwa alitozwa bei ya juu zaidi. Nilisoma sehemu hiyo mara mbili. Kwenye kikoba, mtu tunayemshuku hatumpandishii riba ndipo tumkubalie. Tunamkatalia.

Wazo la kukopesha kwa kuangalia unavyojuana na watu halikuanza kwa ubaya, na ni haki kulisema hilo. Mtu asiye na akaunti ya benki hana kumbukumbu za kumsemea, hivyo simu yake inaweza kumsemea. Shivani Siroya, mwanzilishi wa Tala iliyoanza kukopesha Kenya, alieleza hadharani mwaka 2016 kwamba waliona anayewasiliana na watu zaidi ya 58 huwa na mwelekeo wa kuwa mkopaji mzuri. Mwaka uliotangulia Facebook ilikuwa imepewa hataza, yaani hati ya kumiliki ubunifu, huko Marekani ya mbinu ambayo, pamoja na mengine, mkopeshaji angeweza kuangalia rekodi za mikopo za marafiki zako mtandaoni, na wastani wao ukiwa chini ya kiwango, ombi lako linakataliwa. Hata kama mbinu ile haikutumika, imeandikwa pale wazi kwamba rafiki zako ni sehemu ya hesabu yako. Hilo sisi tulilijua kabla yao. Tofauti iko kwenye ridhaa. Ninapoandika majina manne kwenye daftari, wenye majina wako mbele yangu, wanamjua mkopaji, wanajua kiasi, wanaweza kukataa. Wapo waliowahi kukataa, tena hadharani, na kikao kikaheshimu.

Wakubwa wenyewe wanakopa pia. Oktoba 2022 Elon Musk aliinunua Twitter kwa dola bilioni 44, na takriban bilioni 13 kati ya hizo zilikuwa mkopo wa mabenki uliowekwa kwenye mgongo wa kampuni yenyewe iliyonunuliwa. Riba ya mkopo ule peke yake ilikadiriwa kuvuka dola bilioni moja kwa mwaka. Mkopo wa namna ile una mikataba na wanasheria wa pande zote mbili, na mabenki yalipoona kuuza deni lile mapema kungewatia hasara, yalikaa nalo kwa muda mrefu. Heshima hiyo ya kukaa mezani na kusubiriana ndiyo ninayoitaka kwa aliyekopa 50,000. Hajaomba kusamehewa.

Sheria zimeanza kuamka, nazo zimesaidia. Kenya walipitisha sheria Desemba 2021 iliyowaweka wakopeshaji wa kidijitali chini ya Benki Kuu yao, kanuni zikafuata Machi 2022. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride faini ya karibu shilingi milioni 3 za Kenya kwa kutumia namba za watu kuwatumia meseji za vitisho. Huku kwetu, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ndiyo iliyotugawa kwa madaraja, vikoba tukiwa daraja la nne na wakopeshaji hawa daraja la pili. Tulipokwenda kusajili kikundi, afisa maendeleo ya jamii alitaka katiba, majina ya viongozi, muhtasari wa kikao. Wanawake thelathini wenye sanduku moja walitimiza yote hayo. Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba mwaka huo ikatangaza majukwaa na aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni. Niliisoma orodha ile kikaoni kwa sauti. Kila nilipotaja jina, kuna aliyeinamisha kichwa. Ndipo nilipojua ukubwa wa jambo hili katikati yetu.

Na sheria haikurudisha mali kauli ya mtu. Hilo ilibidi tulifanye kwa miguu. Wenzake wanne wa kundi lake walikwenda naye Feri alfajiri, wakasimama mbele ya tajiri, wakaeleza. Mmoja wao ni mama mtu mzima, muuza mihogo, ndiye aliyezungumza zaidi. Tajiri aliwasikiliza akasema ataanza na nusu ndoo. Miezi kadhaa baadaye ikawa ndoo nzima. Deni tulilikabili kwa mpango: tulimlipia alichopokea pamoja na riba ya kisheria, tukaweka ushahidi wa miamala, picha za meseji zote na namba zilizozituma, tukapeleka malalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo ilizinduliwa Aprili 2024. Meseji zilipungua, kisha zikakatika. Jambo moja nawaambia wanachama kila mara: kufuta aplikesheni hakufuti majina ambayo tayari imeshayachukua. Kwanza ingia kwenye mipangilio ya simu uondoe ruhusa, halafu uwaarifu watu wako mapema, kabla hawajaarifiwa na mwingine kwa maneno yake.

Kikao kilichofuata kilikuwa kizito. Niliweka mezani swali la Jumatatu na Jumamosi. Shida haina siku, na sanduku letu lina siku moja. Mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, ilikuwa imesimamishwa Aprili 2023 na haikurudi hadi 2024, na katika pengo hilo wengi walikwenda kwenye simu. Wazee wetu walipinga: sanduku likizoea kufunguliwa ovyo, mwisho wa mzunguko hakutakuwa na mgao. Hoja yao ina uzito, nimeona vikundi vilivyokufa hivyo. Vijana wakasema wao hawatakaa wasimulie kikao kizima habari za ndoa zao ili wapate elfu arobaini. Hoja hiyo nayo ilikuwa ya kweli, na ilitugusa wengi tuliokuwa hatujawahi kuitamka. Tulijiona wema kwa kuulizana, kumbe kuna aliyekuwa anaumia kuulizwa.

Tulipiga kura. Sasa kuna mfuko wa dharura wenye laini yake ya simu, mwisho 50,000, siku yoyote hata usiku, na anayeambiwa sababu ni mmoja tu wa kundi lako la watano, utakayemchagua mwenyewe. Rejesho ni wiki nne, na hupati mwingine kabla hujamaliza huo. Bado tunabishana kama wiki nne ni chache.

Kilichobaki hakiko mikononi mwa kikoba. Google iliweka sharti kwamba aplikesheni ya mikopo inayotaka kuwekwa kwenye duka lake kwa ajili ya Kenya ionyeshe leseni, na kuanzia Mei 2023 ikazikataza aplikesheni za mikopo kusoma majina na picha za simu. Kwa hiyo inawezekana. Nataka sharti hilo hilo kwenye matangazo: kila tangazo la mkopo linaloonyeshwa Tanzania libebe namba ya leseni, na kampuni ya mtandao wa kijamii iihakiki kabla ya kupokea hela ya mtangazaji. Orodha ya wenye leseni Benki Kuu inaitangaza hadharani. Katibu wa kikoba ameweza kuisoma kwa bando la shilingi elfu moja.